YouVersion kwa wanafunzi wa uhandisi: inafaa wapi, inaishia wapi

Niko mwaka wa nne, uhandisi wa umeme, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), na ninaratibu kikundi cha Biblia cha wanafunzi wa sayansi na uhandisi. Programu tunayoitumia ni YouVersion. Haina malipo wala matangazo, na ina Biblia za Kiswahili: Union Version kwa waliokua nayo kanisani, Habari Njema kwa wanaopenda lugha nyepesi. Kwa mtu anayesubiri boom (pesa za mkopo wa chuo), kuipata bure ni msaada mkubwa.

Thamani yake niliiona wakati wa PT (mafunzo kwa vitendo). Likizo ndefu kikundi hutawanyika: huyu Kidatu kwenye mitambo ya maji, yule Kinyerezi kwenye gesi, mwingine mgodini Geita. Miaka ya nyuma ushirika ulilala mpaka chuo kifunguliwe. Safari hii tulifungua mpango wa kusoma pamoja, kitabu cha Ayubu, kila mtu akiandika maoni yake baada ya sura ya siku. Tukafika sura ya 28, ile ya wachimbaji wanaotoboa mwamba na kuning'inia mbali na watu, wakitafuta fedha na dhahabu gizani. Mwenzetu wa Geita alikuwa ameshuka chini ya ardhi wiki hiyohiyo. Alituandikia habari za taa, joto na mwamba, kisha akauliza kama Ayubu: sasa hekima inachimbwa wapi? Tulijibizana mpaka usiku wa manane. Nilifurahi mno, kwa sababu imani yake na kazi yake vilikuwa vimekutana, tena yeye akiwa peke yake ugenini.

Lakini mipango mingi mifupi, ya siku tatu au saba, ni ya kufariji. Aliyetoka darasani na maswali kuhusu umri wa miamba, akafungua Mwanzo 1, anahitaji mtu wa kukaa naye. Kwetu mtu huyo ni mhadhiri mmoja mwamini. Ndiye aliyetuambia kwamba Maxwell, mwanafizikia ambaye milinganyo yake ya umeme na sumaku inatutoa jasho, aliongoza Maabara ya Cavendish kule Cambridge, na kwamba mlangoni pake pamechongwa Zaburi 111:2, kuhusu ukuu wa matendo ya Bwana. Tuliusoma mstari huo palepale kwenye simu, na mjadala ukahamia kwenye maana ya kuyachunguza matendo hayo maabara.

Programu huhesabu siku ulizoifungua mfululizo; hesabu hiyo siipendi kwa wanafunzi. Kipindi cha UE (mitihani ya mwisho wa muhula) mtu hufungua na kufunga ili namba isikatike tu. Huwa nawaambia waiache ikatike, wasome Zaburi moja kwa utulivu.

Nyota nne kati ya tano. Kabla ya kwenda PT, pakua Biblia ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo ili bando lisikusumbue; chagua toleo linaloruhusu kusomwa bila intaneti, maana si yote yanaruhusu. Halafu tafuta wenzako wawili watatu, mwanze na kitabu kizima.