Fulana yangu ya Cecil Travis, na hawa waprinti wa Makoroboi

Wadau wa Mwanza, kama unatafuta mtu wa kuprinti fulana anayesikiliza unachotaka kuna banda moja pale Makoroboi, nenda. Wateja wengi pale wanafuata jezi za Pamba Jiji, Simba na Yanga, mimi nilitaka ya Cecil Travis wa Washington Senators, mchezaji wa besiboli ninayempenda kuliko wote, na hiyo huwezi kuikuta imening'inizwa popote mjini.

Dada wa kompyuta akaniuliza, kaka huyu ni nani? Nikamweleza, alikuwa shotistopu, yule anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, na besi ya tatu yenyewe alicheza sana. Mechi yake ya kwanza, 1933, kapiga hiti 5, yaani mara tano kaupiga mpira akafika besi salama. Halafu 1941, mwaka ambao kila mtu anawataja wapigaji Ted Williams na wastani wake wa kupiga wa .406, yaani hiti kama 4 katika kila nafasi 10, na DiMaggio na mechi zake 56 mfululizo za kupata hiti, aliyeongoza kwa hiti ligi kuu zote mbili za Marekani ni Travis, hiti 218, na wastani wake wa .359 ulimpita hata huyo DiMaggio aliyekuwa na .357! Mwanzoni mwa 1942 akaingia jeshini, Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Umri wa miaka 28 mpaka 32 umeishia huko, pale pale mchezaji anapokuwa wa moto, na kwenye mapigano ya Bulge kule Ulaya baridi ikamuumiza miguu vibaya. Karudi mwishoni mwa 1945, msimu wa 1946 wastani .252, 1947 akaacha mpira. Watu wanasema ni miguu, mwenyewe alikuwa anakataa, alisema kilichopotea ni taimingi ya kupiga, na mimi namwamini yeye maana ndiye aliyekuwa ameshika gongo. Amefariki 2006 na Cooperstown, jumba la heshima la magwiji wa besiboli, hawajamuingiza mpaka leo, inaniuma kweli.

Sasa mgongoni nilitaka 1933–1941, halafu nafasi tupu, halafu 1945–1947. Dada kwanza aliunganisha ikawa 1933–1947 ili ikae vizuri, nikamwambia hapana dada hiyo nafasi ndiyo fulana yenyewe, akaelewa hapo hapo, akaipanua zaidi ya nilivyosema na hakuijaza nyota wala bendera. Kwa kazi hiyo tu nawapa tano.

Kitambaa ni pamba nzito, nimeifua kwa sabuni ya kipande na maandishi hayajabanduka, rangi ya bluu imepauka kidogo tu shingoni. M yao ni ndogo, chukua L. Jumamosi usiende, foleni ya jezi inafika nje. Wanataka nusu ya hela kwanza, iliyobaki ukichukua mzigo, na walio Ukerewe wanapelekewa mpaka kwenye boti. Andika majina na miaka kwenye karatasi uwaachie, usiwatajie kwa mdomo.