Usiku mbili Organ Pipe na gari-nyumba la kukodi: kambi nyota tano, gari nyota mbili

Mimi kazi yangu ni lori. Mwaka wa tisa huu nalala kwenye kebini, Phoenix hadi Dallas, Phoenix hadi Reno, kwa hiyo mke wangu aliposema Januari tukodi gari-nyumba, lile wanaloliita RV, tukalale jangwani, nilicheka. Mtu analipwa kulala garini, leo atoe dola 165 kwa siku ili alale garini? Lakini mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na magoti yake hayawezi hema. Nikalipa.

Organ Pipe Cactus ni hifadhi iliyo kusini kabisa mwa Arizona, imepakana na Meksiko. Kutoka Phoenix unapitia Gila Bend, unashuka na barabara namba 85 hadi Ajo, mji wa shaba ambao mgodi wake ulifungwa mwaka 1985, halafu kijiji kinachoitwa Why. Ndiyo, Kwa Nini. Jina limetokana na njia panda yenye umbo la herufi Y. Jaza mafuta kabla ya kuingia hifadhini, maana ndani hakuna, na haya magari yanakunywa kama yamelaaniwa.

Kambi inaitwa Twin Peaks. Ina nafasi 208, na zile 174 za magari-nyumba ni za kupita moja kwa moja: unaingia huku, unatokea kule. Dereva mwenzangu atanielewa. Kwenye kambi nyingine nimeshaona ndoa za miaka arobaini zikitikisika kwa sababu ya “kata kulia, nimesema kulia!” Hapa unaegesha, unazima, unashuka. Kila nafasi ina meza na jiko la kuchomea nyama. Umeme hakuna, na bomba halifiki kwenye nafasi yako. Maji unachota kwenye mabomba ya pamoja. Vyoo ni vya kuvuta, visafi, na mabafu yana maji yanayopashwa na jua. Oga jioni. Mke wangu alioga alfajiri, hajanisamehe.

Jenereta inaruhusiwa saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisha saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Basi. Usiku ni kimya cha kusikia mtu wa jirani akigeuka kitandani. Ila sheria hiyo inataka gari lenye betri nzima, na hapo ndipo shida yetu ilipoanza.

Gari la namna hii lina betri za aina mbili: ya injini, na za nyumba, yaani za taa, pampu ya maji na hita. Hita inaunguza gesi, sawa, lakini feni inayosukuma hewa ya moto inategemea betri za nyumba. Zikilala, gesi inaweza kuwa imejaa tele na ninyi mkaganda. Kijana wa kampuni (jina lao nawasitiri) alinionyesha taa nne za kijani zikiwaka, akasema betri ziko safi. Zilikuwa zinawaka kwa sababu gari lilikuwa limechomekwa umeme wa yadi. Mimi, dereva wa miaka tisa, nikaitikia kwa kichwa.

Saa saba usiku feni ikaanza kukoroma, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Nje nyuzi 3. Jenereta yenyewe inawashwa na betri hizohizo, kwa hiyo hata ningetaka kuvunja sheria, kwa betri hizo isingewaka. Tukamfunika mama mablanketi yote, vitenge viwili na koti langu la kazini. Gizani nikasikia sauti yake: “Baba, ndiyo Marekani yenyewe hii mnayotutumia picha?”

Kulipokucha nikafungua kisanduku cha betri. Vichwa vimeota unga mweupe kama chokaa, na maji yamekauka hadi sahani zinaonekana. Hilo si tatizo la siku moja, hilo ni gari ambalo halijafunguliwa kifuniko kwa miezi. Jirani yetu, mzee mstaafu kutoka Kanada ambaye hukaa huku kipindi chote cha baridi akiikimbia theluji, alinipa galoni ya maji ya betri na brashi ya waya. Nikasugua, nikajaza, jenereta nikaiwasha kwa kuazima umeme wa betri ya injini. Usiku wa pili hita ilifika saa kumi alfajiri. Nashukuru kwa hicho.

Mama, aliyekuwa na haki ya kununa siku zote tatu, alilipenda jangwa. Alisimama mbele ya mimea ya dungusi iitwayo organ pipe, ile inayotoa mashina mengi kutoka shina moja la chini, akasema huu si mnyaa? Nikamwambia si ndugu, wamefanana kwa shida za kiangazi tu. Ule mkubwa wenye mikono, saguaro, unaweza kufika miaka 50 hadi 75 ndipo utoe mkono wa kwanza. “Basi huyu rika langu,” akasema. Na jihadharini na cholla, dungusi jingine la miiba: kipande kinanasa kwenye nguo ukikipita karibu tu. Kilimganda mama kwenye pindo la dera. Usikiguse kwa mkono. Ingiza chanuo kati ya mwiba na kitambaa, kirushe mbali.

Siku ya pili tulishuka hadi Lukeville, penye kituo cha mpaka. Mama ujanani alikuwa akipeleka machungwa ya Muheza hadi Horohoro, mpakani na Kenya, kwake mpaka maana yake ni kelele: makuli, wabadilisha fedha, mama ntilie. Hapa alikuta ukuta wa nguzo za chuma zenye rangi ya kutu, urefu wa mita tisa, unapanda kilima na kushuka upande wa pili, na foleni ya watu wa Arizona wakienda zao baharini Puerto Peñasco. “Wauza machungwa wako wapi?” Hatukuvuka, mkataba wa gari unakataza Meksiko.

Watu wananiuliza usalama. Mabango hifadhini yanakuonya wazi kwamba unaweza kukutana na wavushaji wa magendo na wahamiaji. Sisi hatukukutana na mtu. Tulichoona ni bendera ya buluu kwenye mlingoti mrefu, chini yake mapipa ya maji kwa wanaovuka jangwa kwa miguu. Mama akauliza, anayekuja usiku ataionaje? Nikamwambia kuna minara mingine yenye taa, unabonyeza kitufe, askari wa mpaka wanakuja kukuokoa, na kukukamata. Akafikiri. “Kwa hiyo anachagua, kiu au askari.”

Tukirudi kaskazini kuna kizuizi cha askari hao. Wabongo wenzangu, bebeni karatasi halisi, si picha kwenye simu, na mgeni awe na pasipoti yake mkononi. Yetu ilichukua dakika mbili. Simu nazo zimeni huduma za nje ya nchi; yangu ilinikaribisha Meksiko nikiwa nimekaa mezani kambini.

Mkitaka kuzunguka Ajo Mountain Drive, barabara ya changarawe ya maili 21, msije na gari-nyumba refu, halipokelewi. Sisi tuliishia kutembea Desert View, njia fupi inayoanzia kambini. Mama aliimaliza na fimbo, polepole, na juu kileleni tukaliona bonde la Sonoyta.

Kambi nitarudi, nyota tano. Gari nyota mbili, na hizo ni za kitanda. Ukikodi popote, mwambie akuchomolee umeme wa yadi kwanza, washa hita na taa zote, subiri nusu saa ndipo usaini. Na piga picha tangi la maji machafu ukilimwaga. Mimi nilimwaga kambini, nikasafisha na mpira, nimevaa glavu, lakini kipimo chao kibovu kikabaki kwenye theluthi mbili, wakanikata dola 50 za usafi. Barua pepe tatu nimeshatuma. Dola zangu bado nazidai.