Uzoefu wangu na pateni ya suruali ya kupakua: kasoro iko msambani

Ni pateni (michoro ya vipande vya kukatia kitambaa) ya suruali ya kitambaa kisichovutika: kiuno cha juu, mguu ulionyooka, zipu mbele. Unaipakua, unaichapa, unaunganisha karatasi za A4. Mistari ni safi na alama za kukutanisha mishono zinakutana kweli, jambo ambalo si pateni zote zinaliweza. Ila mshono wa msamba, unaoamua kama suruali itavalika, maelekezo yameupa sentensi moja tu.

Kabla ya mkasi, pima mraba wa majaribio uliochapwa kwenye pateni: sm 10 kwa sm 10. Mashine ya kuchapa ikiruhusiwa kubana picha ili ienee kwenye ukurasa, mraba hutoka sm 9.7, na nyonga ya sm 108 inakuwa chini ya 105. Suruali inayobana kila mahali kwa kiasi kilekile huwa imeharibikia hapo.

Saizi chagua kwa nyonga. Jedwali linatoa sm 104 za mwili kwa sm 108 za suruali iliyokamilika, na hizo nne zinatosha kukaa kitini. Kiuno kikipwaya unapanua dati (mkunjo ulioshonwa wa kupunguza kiuno), basi.

Sasa msamba. Penyeza pete ndogo kwenye futi kamba, uipitishe kutoka kiunoni mbele, kati ya miguu, hadi kiunoni nyuma. Pete itateremka na kutulia pale mapaja yanapokutana, ikuonyeshe mbele inaishia wapi na nyuma inaanzia wapi. Vipimo vyangu ni sm 72: mbele 32, nyuma 40. Kwenye karatasi simamisha futi kwa ukingo wake na ufuate mstari wa kushonea, si wa kukatia. Nilipata mbele 32.5, nyuma 37.5. Ukiangalia jumla tu, utaona pengo la sm 2 na kutumia mstari wa kurefushia uliochorwa kwenye pateni, unaoongeza mbele na nyuma sawasawa. Matokeo yake mbele kunajaa mikunjo, na nyuma kiuno bado kinashuka kila ukiinama. Pengo lote liko nyuma.

Kwa hiyo kipande cha mbele sikukigusa. Cha nyuma nilikikata kwa mlalo kwenye usawa wa makalio yalipojaa, kuanzia mshono wa katikati kuelekea ubavuni, nikaacha milimita 2 za karatasi kama bawaba na kuchanja nafasi ya mshono (sehemu iliyo nje ya mstari wa kushonea) upande wa pili ili karatasi ilale bapa. Nilifungua sm 2 katikati, ubavuni sifuri, nikabandika karatasi chini na kunyoosha upya mstari wa katikati uliovunjika. Kisha nikaisogeza nje ncha ya msamba (pale msamba unapokutana na mshono wa ndani wa mguu) sm 1, nikapunguza nyongeza hiyo taratibu kwenye mshono huo hadi ikaisha sm 18 chini. Nyuma ikawa 40.5. Pima kiuno tena baada ya hapo, maana mstari ule ukinyooshwa hukibadilisha.

Jambo jingine ambalo maelekezo yamelinyamazia: mshono wa ndani wa nyuma ni mfupi kwa milimita 6 kuliko wa mbele, kati ya goti na msamba. Si kosa. Unavutwa kidogo wakati wa kushona ili kitambaa kishike chini ya makalio. Ukiongeza ncha, hakikisha tofauti hiyo haikupotea.

Jaribu kwanza kwa kitambaa cha marekani, tena chenye uzito unaokaribiana na wa suruali. Shona kila mguu peke yake, ingiza mmoja ndani ya mwingine, ndipo upitishe msamba kwa mkupuo mmoja, mara mbili. Chini ya tao (mpindo wa mshono wa msamba) punguza nafasi ya mshono kutoka sm 1.5 hadi 0.8 kabla ya kuvaa. Isipopunguzwa husimama na kupandisha msamba, nawe utarekebisha kasoro isiyokuwepo. Mikunjo inayotoka msambani na kupanda kuelekea nyonga, kama tabasamu, inaonyesha ncha ni fupi au paja linabana. Nyuma ikiingia katikati ya makalio, chimba tao milimita 3, vaa, chimba tena ikibidi. Usichimbe sm 1 kwa pupa: msamba ukishuka mno, ukiinua goti suruali nzima inapanda nalo.

Mguu ukizunguka na mshono wa ubavuni kuja mbele, usilaumu pateni kabla ya kupima mshale wa mtande, yaani ule unaoonyesha nyuzi za urefu wa kitambaa zielekee wapi. Ncha zake mbili ziwe umbali sawa kutoka ukingo wa kitambaa. Mshale wa kipande cha nyuma umechorwa mfupi, kwa hiyo niliurefusha kwa rula hadi kwenye pindo.