Mtamba au mbuzi wa maziwa kwa kaya ya Dodoma?

Heifer International, shirika la kugawa mifugo kwa kaya maskini lililoanzishwa Marekani mwaka 1944, linastahili heshima zake. Jo Luck aliyeliongoza alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2010. Utaratibu wenyewe huku tunaujua: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) wa kwanza kuzaliwa anakwenda kwa jirani.

Ila kwa kaya ya Chamwino au Bahi, ipewe nini? Ng'ombe akizaa, maziwa ni ya kunywa na kuuza, na samadi inatosha shamba la mtama. Shida ni kiangazi. Mvua ikishakata, mpaka Desemba ni mabua makavu, pumba za kununua na ndoo za maji kichwani kwa mama, maana ng'ombe wa kisasa haridhiki na ndoo moja.

Mbuzi hubeba mimba miezi 5, ng'ombe 9, kwa hiyo zamu ya jirani hufika mapema. Mbuzi anakula majani ya miti, na hata mtoto anamkamua. Maziwa ni kidogo, kweli, na wapo wanaolalamikia harufu (wakishazoea, kimya). Akifa, hasara inabebeka.

Ningeanza na mbuzi. Mtamba apewe mwenye kisima karibu.