Sungura Wakubwa wa Kufuga Dar: Yupi Ununue Kwanza

Ukiulizia sungura mkubwa Dar es Salaam, muuzaji atakuambia anao "Flemish", mbegu ya sungura majitu. Wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni machotara, na hilo halina ubaya ilimradi hutozwi bei ya mbegu safi. Ubaya ni kununua kwa picha. Zile picha za sungura aliyekumbatiwa kama mtoto wa chekechea zimezunguka mtandaoni miaka nenda rudi. Sungura Darius wa Uingereza, aliyeingia kwenye rekodi za Guinness mwaka 2010 kwa urefu wa sentimita 129, hata mbegu yake watu hawakubaliani. Wengine humwita Flemish, wengine Continental Giant, mbegu nyingine ya majitu.

Kabla ya jina, fikiria joto. Sungura hatoki jasho. Anapoza mwili kupitia masikio na kuhema. Joto likikaribia nyuzi 30 anaanza kuteseka, na jitu la kilo 6 huelemewa mapema kuliko sungura mdogo. Januari na Februari yetu unaijua, tena na unyevu wake. Ndiyo maana orodha yangu haianzi na mkubwa kuliko wote.

Namba moja nampa chotara wa Flemish na New Zealand (hiyo nayo ni mbegu ya sungura) aliyezaliwa hapahapa Pwani. Anakuwa mkubwa wa kuwashangaza wageni, halafu amekulia kwenye joto hili hili. Anayeshushwa kwenye basi kutoka baridi ya Arusha anaanza maisha na mtihani. Kwa familia yenye uwanja mdogo Tabata au Goba, huyu anatosha kabisa.

Wa pili ni Flemish safi, kwa anayetaka kuonyesha wanyama wake. Asili yake ni Flanders, Ubelgiji. Kwa viwango vya Marekani dume mzima asipungue kilo 5.9 na jike kilo 6.4, na juu hakuna kikomo. Mtego uko kwenye umri: akiwa na miezi miwili, mtoto wa New Zealand anaweza kulingana naye uzito kabisa, kwa sababu New Zealand hukimbia mwanzoni kisha husimama, wakati Flemish huendelea kukua hata kupita mwaka. Kwa hiyo usipime mtoto, pima wazazi. Mwambie muuzaji awaweke kwenye mizani mbele yako, wote wawili. Akisema dume "yuko shamba", nenda shamba au ondoka. Na usimpandishe jike kabla ya miezi minane. Sakafu ya waya mtupu pia haimfai, kwani uzito wake wote unashuka kwenye nyayo na vidonda vinafuata. Weka mbao au mkeka sehemu ya kulala.

Chinchilla mkubwa namweka wa tatu kwa sababu moja tu: kumpata wa kweli ni kazi. Kuna Flemish wa kijivu pia, na wengine huuziwa huyu wakidhani ni yule. Puliza manyoya ya ubavuni yafunguke. Chinchilla ataonyesha duara za rangi moja ndani ya nyingine, buluu iliyokolea chini kabisa, kisha nyeupe ya lulu, kisha weusi.

New Zealand mweupe, mwenye macho mekundu, ni wa nne. Si jitu, ana kilo 4 hadi 5 na kitu, na licha ya jina aliendelezwa Marekani. Anapatikana kirahisi na anafaa ukitaka na kitoweo. Wa mwisho ni French Lop, yule wa masikio yaliyolala. Anapendeza mno, lakini masikio ya namna hiyo hushikwa na maambukizi kirahisi, na mimi kwa hali ya hewa ya Dar simshauri mtu anayeanza.

Ukishachagua, mkague kabla ya kutoa pesa. Geuza viganja vya mbele utazame upande wa ndani. Manyoya yakiwa yameshikana au yana unyevu, ana mafua, maana sungura hufuta pua kwa mikono, na mwenye banda akimpangusa pua asubuhi mikono bado itamsema. Ndani ya sikio kusiwe na magamba ya kahawia. Huo ni utitiri. Meno ya juu na ya chini yakutane vizuri, kwani yasipokutana yatarefuka hadi ashindwe kula, na kwenye mashindano hapiti. Chini ya mkia pawe pakavu. Jinsia hakikisha mwenyewe, usisikilize maneno. Ukimbeba, tegemeza makalio: teke lake mwenyewe linaweza kumvunja mgongo.

Anayelenga Nane Nane, maonesho ya kanda ya mashariki hufanyika Morogoro, na Agosti angalau kumepoa. Safiri naye alfajiri.

Nyumbani paa la makuti linashinda bati, na mchana wa joto muwekee chupa ya maji yaliyoganda aegemee. Na siku ya kumchukua, ondoka na mfuko wa chakula alichozoea, uchanganye na chako kidogo kidogo kwa wiki nzima. Tumbo la sungura halivumilii mabadiliko ya ghafla, na wengi hufa kwa kuhara siku chache tu baada ya kununuliwa.