Uzoefu wangu na baiskeli ya Bottecchia (mtumba)

Kama unatafuta baiskeli ya kubebea gunia la mkaa, pita tu, hii si yako. Bottecchia yangu ni ya mashindano, ya Kiitaliano: usukani umepinda kama pembe za kondoo, tairi nyembamba, fremu ya chuma. Vishikio vya gia viko chini kwenye bomba la fremu, kwa hiyo ukitaka kubadilisha gia lazima uachie usukani mkono mmoja. Kwenye lami inateleza mpaka raha. Kwenye kokoto, shuka uikokote. Aliyeniuzia aliapa kwamba breki ziko safi. Fundi alipozifungua, waya zote zilikuwa zimeliwa na kutu. Ndiyo mitumba hiyo.

Ila kilichonishika zaidi ni jina lililoandikwa kwenye fremu. Ottavio Bottecchia alizaliwa 1894 huko Colle Umberto, mkoa wa Veneto, Italia, familia maskini, akawa fundi mwashi. Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari wa baiskeli. Mwaka 1923 akashika nafasi ya pili Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa; 1924 akashinda, Mwitaliano wa kwanza kabisa, jezi ya njano ya anayeongoza mwilini kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, zaidi ya kilomita 5,400. Akarudia 1925. Na enzi hizo Tour ilikataza mitambo ya kubadilishia gia! Ukifika mlimani unashuka, unachomoa gurudumu la nyuma, unaligeuza upande wenye gia nyepesi, unapanda tena. Mimi nani hata nilalamikie vishikio?

Mei 1927 ndugu yake Giovanni aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, akafa. Juni 3 Ottavio naye akakutwa kando ya barabara karibu na Peonis, fuvu limepasuka, baiskeli yake ikiwa haina dosari. Akafia hospitalini siku kadhaa baadaye. Iliandikwa ajali. Wapo waliosema aliuawa na mafashisti, wafuasi wa Mussolini, wapo waliosema na mkulima aliyemfumania akiiba zabibu. Ya zabibu siinunui: mwezi Juni bado ni mbichi, nani azitamani? Lakini mtu aanguke hivyo, baiskeli ibaki salama?

Kabla ya kufa, Ottavio alishamruhusu Teodoro Carnielli, mtengenezaji wa baiskeli wa mji wa Vittorio Veneto, atumie jina lake kwenye baiskeli. Bottecchia ndiyo aliyoipanda Mmarekani Greg LeMond 1989 aliposhinda Tour kwa tofauti ya sekunde 8.

Nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imeliwa na muuzaji. Ukienda kununua, nenda na fundi wako.