Rola sita za pakiti moja, na kijana aliyeniambia nimlete fundi wangu

Nilikusudia kuandika maneno machache tu ya kuwatahadharisha wenzangu wenye skuta, lakini kila nikikumbuka nilivyojibiwa dukani mkono unakuwa mzito kuacha. Nilipoanza nilikuwa nimekwisha amua kwamba rola hizi za variata (ile puli ya mbele ya skuta inayobadilisha gia yenyewe) zinastahili nyota moja. Sina hakika kama nitamaliza nikiwa na uamuzi huo huo.

Skuta yangu (sisi wa Unguja kila skuta tunaiita vespa, hata iliyotoka China) ina injini ya GY6 ya cc 150, na ndiyo miguu yangu. Asubuhi hunitoa Fuoni hadi kwenye chumba changu cha ushoni mjini, na jioni hunirudisha nikiwa nimefunga nyuma robota la sare za shule. Siku fulani kabla ya masika ilianza kunisumbua. Nikisimama kwenye foleni pale Mwanakwerekwe, injini ikinguruma taratibu, nilisikia upande wa kushoto mlio kama wa mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo, na nikivuta mafuta ilisita kwanza, kisha ikachupa mbele kama mbuzi aliyekatika kamba. Fundi wa mtaani kwetu aliinamisha sikio mara moja tu akasema rola zimekwisha, niiache kwake siku mbili. Siku mbili bila vespa, wakati shule zinakaribia kufunguliwa, kwangu ni hasara, na isitoshe nimezoea kufungua cherehani zangu mwenyewe tangu nikiwa msichana. Puli na mkanda si vitu vigeni kwangu. Nikaamua kuifanya kazi hiyo nyumbani.

Sasa nifike dukani, maana hapo ndipo penye jipu. Ni duka moja la vipuri upande wa Darajani, sitalitaja. Niliingia nikatoa salamu, na kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta aliijibu nusu, macho yakiwa kwenye simu. Nikasubiri. Nilipotaja ninachotaka alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akatupa pakiti juu ya kioo cha kaunta, akasema, "GY6, kumi na tatu." Alikusudia gramu 13 kwa kila rola. Nikamwuliza kwa adabu kama zote sita zina uzito huo, kwa sababu pakiti haikuandikwa kitu zaidi ya vipimo vya 18 kwa 14, ambavyo ni kipenyo na upana kwa milimita na havisemi lolote kuhusu uzito. Hapo ndipo alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza, akamtazama mwenzake aliyekaa mlangoni, wakacheka, kisha akaniambia, "Dada, mlete fundi wako, nitaongea naye."

Nikamjibu kwamba fundi ni mimi. Akasema, "Haya, fundi, elfu kumi na tano." Nikalipa nikatoka, na mpaka nafika Michenzani bado masikio yalikuwa ya moto.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kama nilivyotishwa, na nataka kuisema kwa haki, kwa sababu sitaki hasira yangu imzuie mtu kujaribu. Jalada la upande wa kushoto limeshikwa na boliti nyingi za spana namba 8 ambazo hazilingani urefu, kwa hiyo nilichora umbo la jalada kwenye kipande cha boksi, nikatoboa matundu na kuchomeka kila boliti mahali pake. Kilichonipa taabu ni nati ya krenki (mhimili wa injini uliobeba variata), kwa kuwa ukiivuta spana injini nzima inazunguka nayo. Wengi huingiza bisibisi kati ya mapezi ya feni ili kuizuia, na ndiyo maana utaona skuta nyingi mtaani zina feni zenye mapengo. Mimi nilifungua plagi, nikaizungusha krenki mpaka pistoni ikawa inapanda katika hatua ya kubana, nikashindilia kamba ya kuanikia nguo kupitia tundu la plagi na kuacha ncha ndefu nje. Pistoni ilipopanda ikakutana na kamba ikatulia, na nati ikalegea kwa mvuto mmoja.

Rola za zamani zilisikitisha kuziona. Rola nzima ni mviringo kamili, yaani kiini cha chuma kilichovishwa plastiki ngumu, lakini hizi zilikuwa zimelika upande mmoja zikapata bapa, na moja ilikuwa imelika hadi chuma kikachungulia. Kwa umbo hilo haziwezi kubingirika. Zinaburuzika, zinakwama, kisha zinachomoka kwa ghafla, na ndio ule mchupo wa mbuzi niliousema. Nikafuta vumbi la mkanda kwa vipande vya kitambaa kikavu, sikutia grisi hata tone kwa sababu variata ya aina hii inataka ukavu, nikapanga rola mpya kama zilivyotoka kwenye pakiti. Kabla ya kurudisha sahani ya nje niliubonyeza mkanda uzame ndani ya puli ya nyuma ili huku mbele ulegee. Hatua hii naitilia mkazo: mkanda ukibanwa katikati ya sahani mbili, nati itakupa hisia kwamba imekaza kumbe imeubana mkanda tu, sahani haijakaa sawasawa kwenye meno ya krenki, na siku ya pili meno hayo yatakuwa yamesagika. Gharama ya krenki si ya kulinganisha na ya rola.

Nikawasha. Kokoto zimenyamaza. Nilifurahi kwa muda wa kutoka nyumbani hadi barabara kuu, kwa sababu nilipoongeza mwendo niliona vioo vya pembeni vinatetemeka hata sura ya gari la nyuma haionekani, na nyayo zangu zikawa zinawasha kama nimekanyaga upupu. Mtetemo ule ulikua kadiri injini ilivyozidi kasi. Kwa siku mbili nilijilaumu mwenyewe. Nilifikiri nimekosea kuikaza nati, nikafungua, nikakaza upya, mambo yale yale. Mume wangu akasema tungempa fundi tangu mwanzo. Hakusema kwa ubaya, lakini ilinichoma, maana sauti niliyoisikia si yake bali ya yule kijana wa kaunta.

Usiku wa siku ya pili, nikiwa nimeketi mbele ya cherehani, likanijia wazo la bobini. Bobini isiyolingana na nyingine hutikisa mashine nzima hata kama kwa macho zote ni sawa. Asubuhi nikazitoa rola zote sita, nikazifunga kwenye leso, nikapanda daladala hadi Mkunazini kwa sonara mmoja tunayefahamiana, ambaye mizani yake hupima hadi sehemu ndogo kabisa ya gramu. Mzee yule aliziweka moja moja kwenye sahani iliyozoea mikufu na vipuli, bila kuniuliza kama nina fundi. Nne zilikuwa sawa: 13.1, 12.9, 13.0 na 13.1. Ya tano ikasoma 11.2. Ya sita ikasoma 11.0. Sonara akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Hizi mbili si za nyumba hii."

Tofauti ya gramu mbili inaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Lakini variata imefungwa kwenye krenki, nayo inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na rola hutupwa nje kwa nguvu ya mzunguko huo ili ziparamie mteremko ulio ndani, zisukume sahani na kuupandisha mkanda juu ya puli. Upande wenye rola nyepesi mbili zilizokaa pamoja hautavuta nje sawa na upande wa pili, na injini nzima itayumba kama mtu aliyebeba ndoo moja ya maji mkono mmoja. Mimi kwa bahati mbaya nilikuwa nimeziweka zile mbili jirani, kama zilivyopangwa ndani ya pakiti.

Nilirudi dukani nikiwa na karatasi aliyoniandikia sonara. Sikwenda kugombana, nilikwenda kubadilishiwa rola mbili. Kijana yule akaisoma karatasi, akasema, "Rola unazipimia mizani ya dhahabu?" Kisha akaongeza kwamba pakiti ikishafunguliwa ni mali ya mnunuzi, na kwamba kama rola zingekuwa mbovu vespa isingenifikisha pale. Nilimwambia nimekuja kwa daladala. Akarudi kwenye simu yake. Hakusema samahani, hakusema ngoja nitazame pakiti nyingine, hata lile "pole" ambalo halina bei hakulitoa. Nimeuza nguo kwa miaka mingi, na nimekwisha rudishiwa gauni kwa sababu ya kifungo kimoja; mteja wa namna hiyo anachosha, nakubali, lakini unakipokea kifungo mkononi na kukitazama.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika haya kichwani, kwa nyota moja.

Tatizo ni kwamba niliporudi nyumbani sikuwa na rola nyingine, na sare zilikuwa zinanisubiri. Variata ina vyumba sita kwenye duara. Nikafikiri kwamba nikiziweka zile nyepesi mbili zikikabiliana, moja huku na nyingine ng'ambo yake kabisa, na nzito mbili mbili katikati, hakuna upande utakaouzidi mwingine. Nikafanya hivyo, nikafunga, nikatoka.

Inaniudhi kuandika sentensi inayofuata. Vespa inakwenda vizuri kuliko ilivyokwenda siku niliyoinunua. Vioo vimetulia. Kwa jumla rola zangu sasa zina gramu 74 na kitu badala ya 78, na wepesi huo mdogo umeifanya injini ipate kasi mapema kabla mkanda haujaanza kupanda, kwa hiyo pale Mwanakwerekwe, nikiwa na robota nyuma, naondoka bila kusita. Nilidhani nitalipia barabarani, kwa sababu rola nyepesi huifanya injini ipige kelele zaidi kwenye mwendo mrefu, na kweli nilipokwenda Mahonda kwa shangazi niliisikia ikilia juu kidogo kuliko zamani, lakini si kiasi cha kukera. Ningekuwa nimepata sita zenye gramu 13 kamili, pengine nisingekuwa na furaha hii.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa rola zenyewe nilitaka kuandika nne, kisha nikajiuliza ninamsifu nani. Aliyezichanganya hakukusudia kunifaa. Alichota kwenye ndoo na kufunga pakiti. Mtu mwingine akinunua pakiti hiyo hiyo atapata mseto mwingine, labda moja nyepesi na tano nzito, na hiyo hakuna namna ya kuipanga ikatulia. Nikashusha hadi mbili. Jana nikapita Mwanakwerekwe na robota kubwa kuliko yote, ikaondoka kama upepo, nikapandisha hadi tatu. Leo nimekumbuka ile "mlete fundi wako", na tatu nimeifuta. Acha ibaki mbili, ya kwanza kwa plastiki yake, ambayo nilipoifungua tena kuikagua bado ilikuwa haina hata mkwaruzo, na ya pili kwa sonara, ambaye hahusiki kabisa na ndiye pekee aliyefanya kazi yake.

Wakati wa ukaguzi huo huo niliona mkanda umeanza kupata nyufa nyembamba upande wa ndani. Nahitaji mkanda wa 743, yaani urefu wake kwa milimita, upana 20, na nimekwisha zunguka maduka matatu, wote wanao wa 842 tu, ambao ni wa injini ndefu na hautanifaa. Wa kwangu nimeuona umetundikwa ukutani katika duka lile lile. Nitakwenda, nitatoa salamu kama kawaida, na safari hii futi yangu ya ushoni itakuwa shingoni. Nitaupima juu ya kioo cha kaunta, mbele yake na mbele ya mwenzake wa mlangoni, kabla sijafungua pochi.